Badiliko la Tatu

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku kwetu ni wazima kiasi. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua tangu alipoanguka kwenye ngazi akibadilisha taa ya ukumbini. Fundi umeme akilazwa kitandani huwa mgonjwa mkorofi kuliko wote niliowahi kuwauguza. Mpwa wako mkubwa amefaulu mtihani, na yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka huku amejiziba mdomo. Wifi yangu mpe salamu nyingi, mwambie picha zimefika.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Simu yako sipokei, huu ni mwaka wa nne, na sababu unaijua hata kama wote wawili tumejifanya hamnazo. Nataka karatasi. Maneno ya simu huwezi kuyashika mkononi ukamwonyesha mtu.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Jumatatu nilichelewa kuingia darasani. Bahasha ya mwezi ya Mtandao wa Walimu wa Tiba na Afya ilikuwa mezani kwangu, Mtandao wako huo huo ulimoniingiza wewe mwenyewe, ukasema ni wakati walimu wa manesi na walimu wa madaktari wakae meza moja. Nikachomoa Kisa Namba Kumi na Nne bila kukisoma, nikatoa nakala thelathini na nne, mbio darasani. Kosa langu hilo, nalikiri. Nikampa mwanafunzi wa mbele asome kwa sauti.

"Mama wa miaka hamsini na minane, muuza maziwa, aliamka akiwa na maumivu juu ya tumbo, uchovu wa mkono wa kushoto na maumivu ya taya." Nikasema moyoni, kisa kizuri hiki, ni moyo huo, moyo wa mwanamke haupigi kelele kama wa mwanamume. Nikageuka kuandika dalili ubaoni. Akaendelea: "Alitapika mara mbili katika beseni la kijani lenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa nailoni."

Chaki ikanikatikia mkononi. Kaka, duniani kuna mabeseni mangapi yaliyoshonwa? Nani mwingine zaidi ya Mama aliwahi kuipasha sindano kwenye moto akashona plastiki kama anayeshona pindo la gauni, kisha akaringa nalo mtaa mzima kwamba halivuji?

"Familia ilimpa dawa ya kiungulia na kukaa naye nyumbani kwa muda wa saa tano. Alipofikishwa hospitali, nafasi ya kumwokoa ilikuwa imepita." Halafu maswali. La kwanza ni dalili, la pili ni tiba. La tatu nalinakili neno kwa neno ili ulisome kwa mwandiko wangu: "Jadili namna elimu duni ya familia ilivyochangia kifo cha mgonjwa huyu."

Elimu duni! Binti mmoja wa nyuma, mkali wa majibu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao watu wana mawe kichwani. Mtu anakufa, wao wanampa dawa ya kiungulia!" Darasa likacheka. Watu thelathini na wanne wamenicheka usoni na hawakujua wanamcheka nani. Nami nimesimama pale na kipande cha chaki, nikasema, "Haya, swali linalofuata."

Sikuulizi nani amekiandika, maana mwenyekiti wa kamati ya visa ni wewe na beseni unalijua. Nasikia mkutano wa Juni utaviingiza visa hivi katika kitabu kimoja cha vyuo vyote. Hiki ama kiondolewe, ama kiandikwe kama mambo yalivyotokea. Nakupa uchague.

Mdogo wako,
Sindano (kama Mama alivyoniita, na sasa naona hakukosea)


9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama umenichoma kama jina lako. Pole nyingi kwa shemeji. Mwambie asilale sana, atembee ndani ya nyumba kidogo kidogo. Mpwa wangu mpe hongera. Hapa wote wazima. Mwanangu wa pili, ambaye kwako wewe shangazi yake ni mwanao pia, ameikalia miwani yangu ikavunjika, na wiki nzima nimefundisha nikiwa nimeifunga kwa plasta. Wanafunzi wa udaktari siku hizi hawana haya, wameniuliza kama nahitaji upasuaji.

Kuhusu kisa. Ndiyo, nimekiandika mimi. Nilidhani kabla hakijafika kwako ningepata nafasi ya kukueleza, ila simu zangu, kama ulivyosema, hazipokelewi.

Nakuomba ukumbuke kanuni ya Mtandao. Mwandishi wa kisa ni lazima abadilishe mambo matatu ya mgonjwa na watu wake ili wasitambulike, wala asiguse lolote la tiba. Mambo matatu, si pungufu. Nimeifuata kanuni. "Familia" ni neno la jumla tu, linaweza kuwa familia yoyote. Lile la elimu duni si langu, liliongezwa na wahakiki, kwa kuwa kila kisa hutakiwa kiwe na swali moja linalohusu jamii.

Sijawahi kukulaumu, na hilo nataka ulisome mara mbili. Fikiria pia upande huu: vyuo zaidi ya arobaini vinamsoma Mama yetu. Mwanafunzi mmoja akikumbuka taya na mkono wa kushoto, akamwokoa mama wa mtu, si Mama atakuwa hajafa bure?

Kitabu kiko karibu kwenda kiwandani. Ni vigumu sana sasa kukigusa.

Tafadhali pokea simu.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Shikamoo nimeiweka kabatini, nitaitoa ikihitajika. Mgongo wa shemeji yako ni nafuu. Watoto wazima. Tumemaliza salamu. Kamati nayo nimeiandikia rasmi kuhusu kisa, bila kumtaja Mama wala wewe.

Umeniambia mambo matatu. Nimekaa na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikakisahihisha kisa chako kama kazi ya mwanafunzi. Mama alikuwa na miaka sitini na minne, wewe umeandika hamsini na minane. Moja hilo. Mama alikuwa mshonaji, wewe umemfanya muuza maziwa. La pili hilo. La tatu liko wapi?

Maumivu ni yale yale. Taya ni lile lile. Dawa ya kiungulia ni ile ile, saa ni zile zile. Nikasema labda kabadilisha beseni akasahau, nikarudi kulitazama. Beseni ni lile lile hadi uzi wake.

Halafu nikawaza jambo jingine, na hapo ndipo nilipoacha sufuria ikaungua jikoni. Siku ile wewe hukuwepo. Ulikuwa mbali, saa mbili za ndege. Umejuaje kwamba Mama alitapika kwenye beseni, tena mara mbili? Msibani hakuna aliyezungumza habari za kutapika. Beseni lenyewe nililiosha na kulificha kabla wewe hujafika.

Ulijua kwa sababu mtu alikwambia, na alikwambia kwa simu, siku ile ile saa nne asubuhi. Simu iliyokuletea beseni iko wapi ndani ya kisa chako? Beseni umelichukua, simu umeiacha. Hilo ndilo badiliko la tatu, Daktari. Umelitumia kujitoa nyumbani.

Unasema hujawahi kunilaumu. Kweli, mdomo wako haujawahi. Ulimwachia Shangazi. Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwake aliposema mbele ya watu wote, "Nesi yumo ndani ya nyumba, na mama yake anakufa kwa kusubiri!" Ukatazama viatu vyako. Viatu vizuri, vyeusi, vya kamba, bado naviona. Tangu siku hiyo dada wa baba yetu hajakanyaga kizingiti changu. Akitaka kunitumia salamu humpa shemeji yako, kama vile mimi ni mgonjwa wa kuambukiza.

Miaka minne nimekungoja useme. Nimejiambia, anaumia, mwache, atasema. Kumbe ulikuwa unaandika.

Sindano


2 Mei

MTANDAO WA WALIMU WA TIBA NA AFYA
Kamati ya Visa vya Kufundishia

Ndugu Mwanachama,

Kamati inakiri kupokea maoni yako kuhusu Kisa Namba 14. Maoni ya walimu walioko madarasani ni nguzo ya kazi yetu. Kisa kilipitiwa na wahakiki wawili na kukutwa kimetimiza kanuni zote za usiri wa mgonjwa. Endapo una ushahidi wa kitaalamu kwamba maudhui ya tiba yana kasoro, unaombwa kuuwasilisha kabla ya tarehe 31 Mei.

Wako katika kuelimisha,
Mwenyekiti wa Kamati

[Chini, kwa kalamu:] Dada, nisamehe kwa hii. Imebidi ipite kwa katibu. Nisubiri kidogo.


14 Mei

Ndugu Mwenyekiti,

Hamjambo na familia? Sisi hatujambo. Mgonjwa wangu wa mgongo amerudi kazini.

Umeniandikia barua yenye muhuri. Mimi, niliyekubeba mgongoni ulipochomwa na msumari japo wewe ndiye mkubwa! Nimeicheka mpaka watoto wakaja kutazama, kisha sikuwa nacheka tena. Na bado una ujasiri wa kuniandikia kwa kalamu "nisubiri kidogo". Kaka, kusubiri ndiko kulikotufikisha hapa.

Unataka ushahidi wa kitaalamu. Haya, kaa vizuri.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa kwa Mama. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona, na Mama hakuwa mtu wa kukaa mbele ya cherehani bila kushona. Akaniambia tumbo linamwaka hapa juu. Akatapika. Akasema jino linauma, nikatazama, hakuna jino bovu. Akawa anausugua mkono wa kushoto. Nikamshika paji la uso, ni baridi, na jasho limemlowesha hadi shingoni.

Nikakupigia. Ulipokea haraka ukanong'ona, "Niko mkutanoni, sema upesi." Nikakueleza yote, tumbo, taya, mkono, jasho, na kwamba sasa hivi anatapika tena kwenye lile beseni lake la kushonwa. Ukacheka kidogo kusikia kumbe bado analo. Ukasema, "Mkono ni cherehani. Tumbo ni kiungulia, anacho tangu tukiwa watoto. Mpe dawa, apumzike." Nikasema, "Kaka, jasho hili silipendi. Nataka nimpeleke." Ukasema, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu: "Sindano, usinifundishe kazi. Ukimpeleka watamlaza kwenye foleni kutwa nzima bure. Mpe dawa, nitapiga baadaye."

Nikampa dawa. Hukupiga baadaye.

Na mkutano wenyewe ulikuwa wa nini? Niliupata miezi sita baadaye katika taarifa za Mtandao, pamoja na picha yako umeshika kipaza sauti. Ulikuwa unawafundisha walimu wenzako namna ya kumsikiliza mgonjwa. Sikuitunga hiyo mimi. Imechapishwa, ukurasa wa sita.

Kila baada ya muda nilimuuliza Mama kama twende. Alikuwa ananijibu, "Kaka yako kasemaje?" Namwambia umesema kiungulia. Anasema, "Basi ni kiungulia." Alikuamini hivyo. Angeambiwa na wewe kwamba jua ni la buluu, angetoka nje kulitazama na kukubali. Saa tisa alishindwa kunijibu, ndipo nikamwita dereva wa jirani. Saa kumi na nusu nilikuwa natia saini karatasi.

Sasa sikiliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo unawafundisha wanafunzi wako, nimekusikia. Mwezi ujao mimi nitakuja mkutanoni kwa miguu yangu. Ni mwanachama, kadi umenisainia wewe. Kisa Namba Kumi na Nne kikisomwa kupitishwa, nitasimama na beseni mkononi. Au utasimama wewe. Mmoja wetu atasimama.

Sindano

Nimeisoma tena kabla ya kufunga bahasha. Kuna kitu bado sijakiandika, na sikiandiki leo kwa sababu leo nimekasirika na nataka nibaki hivyo.


30 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Wifi yako anakusalimu. Amesoma barua zako zote, nimempa mwenyewe. Siku ya tatu akaniuliza, "Na usingeumbuliwa na beseni?"

Yote uliyoandika ni kweli. Nilicheka, ndiyo. Nilisema usinifundishe kazi, ndiyo. Nilikuwa nimetoka nje ya ukumbi kidogo tu, mlango nimeuzuia kwa mguu ili nisikie nitakapoitwa, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kipaza sauti. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angenijia na dalili zile na jibu la kiungulia, ningemfelisha. Sikukupigia kwa sababu nilisahau. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi, halipo.

Nilipoandika kisa nilijidanganya kwamba naungama. Niliandika "familia" huku nikijua kwamba familia ni mimi, nikaona nimeshasema. Kumbe neno lile lina chumba kikubwa, mimi nikajificha humo na wewe nikakuacha mlangoni. Swali la wahakiki lilipokuja, lile la elimu duni, kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningelikata. Nililiacha kwa sababu liliniondolea shaka kabisa: hakuna ambaye angemtafuta daktari ndani ya familia yenye elimu duni.

Hukuja mkutanoni. Nilikutafuta kila safu. Kisa kilipofika nilisimama, nikawaambia kina kasoro. Katibu akauliza kasoro gani, nikasema kuna mtu ametolewa. Nikawasomea kipya. Mzee mmoja, aliyenifundisha mimi, akaniuliza, "Daktari huyo wa kwenye simu tunamfahamu?" Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Uenyekiti nimeuacha. Sikuombwa, ila hakuna aliyenizuia pia.

Kisha nikasafiri kwenda kwa Shangazi, nikamwambia yote, nimekaa chini sakafuni. Atakachofanya sijui.

Kisa kipya ni hiki. Maumivu, taya, mkono, jasho, beseni, vyote vipo. Kisha:

"Binti wa mgonjwa, ambaye ni nesi na mwalimu wa manesi, alimpigia simu kaka yake, ambaye ni daktari na mwalimu wa madaktari. Alimweleza dalili zote kwa usahihi na kusema anataka kumpeleka mama yao hospitali. Daktari, bila kumwona mgonjwa, alisema ni kiungulia na kumkataza. Alisema atapiga baadaye. Hakupiga. Swali la tatu: Ndani ya familia hii nani alikuwa na elimu, na ilimsaidia nani?"

Wamekipitisha. Kuna jambo moja tu. Kwa kuwa simu imerudi, nimebaki na mabadiliko mawili, umri na kazi ya Mama. Kanuni inadai matatu. Hilo la tatu sina haki ya kulichagua mimi tena. Niandikie unachotaka kibadilishwe, nami nitakipeleka kiwandani kama kilivyo.

Kaka yako


12 Julai

Kaka,

Huku wazima wote. Yule mdogo meno yameota, makubwa kama milango, sasa anacheka ovyo.

Shangazi amekuja. Amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amekunywa maji, ametazama dari. Akasema, "Kaka yako amekuja kwangu. Mwanamume mzima, daktari, kukaa sakafuni na kujiaibisha vile! Si angenyamaza tu?" Radhi hakuomba na sidhani ataomba. Nilitaka kumpandishia, nikaona ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, ananyoosha na kunyoosha mahali ambapo hapana kunjo. Nikamwongezea maji. Alipoondoka alisema Jumapili atarudi, kama vile amekuwa akija kila Jumapili. Mtu huyu atanipasua kichwa.

Usidhani hasira zimeisha. Zipo, ziko mahali pake, nikizihitaji nitazichukua. Ulisahau! Ungeniambia uliogopa, ningelala. Lakini nimekuomba ukweli na umenipa, siwezi sasa kulalamika kwamba ni mchungu.

Mkutanoni sikuja kwa sababu ya kile ambacho sikukiandika mwezi wa Mei. Nilikuwa nimeshafunga mfuko, beseni limo ndani. Nikawaza: nikisimama pale, mtu mwenye akili ataniuliza swali moja. "Wewe ulijua?" Na mimi nilijua, kaka. Sio nilihisi. Nilijua. Miaka kumi na tisa nafundisha kwamba taya na mkono na jasho baridi ni moyo mpaka uthibitishe vinginevyo. Nilikuwa na miguu, na dereva wa jirani alikuwa anaosha gari lake nje ya dirisha, nasikia maji. Nilikaa kwa sababu kaka yangu amesema. Wewe ulisahau, mimi nilitii. Nimekuwa nikikukasirikia kwa mikono miwili ili nisibakiwe na mkono wa kujinyooshea kidole.

Juzi nilikipeleka kisa kipya darasani. Walisoma. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule binti wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, huyu nesi mbona hakubisha?" Nikamwambia, "Alibisha mara moja." Akasema, "Mara moja haitoshi." Nikamwambia, "Hapana, haikutosha." Kisha nikawaambia ni mimi. Nimeongeza swali la nne kwa mkono, nawe liongeze kabla hakijachapwa: "Nesi alijua. Nani alimfundisha kunyamaza, na wewe unamfundisha nani?"

Kuhusu badiliko la tatu. Kwanza nilitaka uandike kwamba nesi ndiye mkubwa na daktari ni mdogo wake. Nikajaribu kichwani: angekwambia "nyamaza wewe mtoto", saa nne na robo Mama angekuwa ndani ya gari. Lakini hapo hakuna kisa, kuna mama anayerudi nyumbani kumalizia gauni la mtu. Nililia kidogo, nikaacha.

Basi badilisha beseni. Liandike jekundu, lisilo na ufa wala uzi. La kijani si la Mtandao, ni letu. Liko hapa jikoni, nimelitoa mafichoni, na ni kweli halivuji.

Jumapili nina zamu ya mchana. Asubuhi nitakuwepo. Piga saa nne. Nitapokea, na safari hii utanisikiliza mpaka nimalize.

Shikamoo.

Sindano